Kabla Hujapost "I'm Fed Up": Stori ya Misemo ya Kiingereza ya Watu Waliochoka

Mtu akichoka kabisa siku hizi, anaandika "nimechoka", anaona haijakolea, anafuta, anaandika "I'm fed up". Mwingine anaweka "that was the last straw" chini ya picha ya dirisha lenye matone ya mvua, na kila anayeisoma anajua kuna uhusiano umekufa usiku huo. Mwingine yuko ofisini, anamnong'oneza mwenzake kwamba yuko "at the end of my tether", ingawa hiyo tether yenyewe hajawahi kuiona kwa macho.

Misemo hii imezoeleka mpaka inatoka mdomoni bila kufikiri. Kumbe kila mmoja una kwao. Mmoja unahusishwa na ndege wa kuwinda, mwingine umetoka kwa mnyama aliyefungwa kamba malishoni, mwingine umetoka kwa mgongo uliobebeshwa mzigo. Na hapo ndipo stori inapokolea, kwa sababu haisemi kitu kimoja. Aliyeshiba, aliyefungwa na aliyelemewa wote watakwambia "nimechoka", lakini dawa zao ni tofauti. Usipojua nani ni nani, unaweza kumshauri mtu apumzike wakati anachohitaji ni kufunguliwa kamba.

Halafu kuna ule maarufu kuliko yote, wa ngamia na unyasi wa mwisho. Huo watu wengi wanautumia kinyumenyume, na kosa hilo limewaumiza watu wengi kuliko inavyodhaniwa.

Kipanga aliyeshiba

Neno kwa neno, "fed up" ni kulishwa mpaka ukajaa. Maelezo yanayotajwa sana kuhusu asili yake yanaupeleka msemo kwa wafuga vipanga wa Ulaya ya zamani. Kuwinda kwa kutumia vipanga na kozi ulikuwa mchezo wa wakubwa: wafalme, mabwana, watu wenye mashamba na watumishi. Ndege alifunzwa kuruka, kukamata windo, halafu kurudi kwa bwana wake.

Siri ya mchezo wote ni njaa. Kipanga si mbwa, hakutumikii kwa mapenzi. Anarudi kwa sababu mkononi mwako kuna kipande cha nyama. Ndiyo maana hata leo wafugaji makini wanampima ndege uzito kabla ya kumrusha. Akiwa mwepesi mno, hana nguvu. Akiwa amekula akajaa, anapaa zake hadi juu ya mti, anatulia, anakutazama unavyopiga filimbi na kutikisa nyama kama vile hamjawahi kuonana. Huyo ndiye ndege aliye "fed up". Hana hasira wala huzuni. Hakuhitaji tu.

Walioko Dubai, Abu Dhabi au Doha wanajua kwamba mchezo huu haujafa. Kule Emirates kozi wa kuwinda ana pasipoti yake mwenyewe, na ndege hao husafirishwa ndani ya ndege pamoja na abiria. Mwaka 2010 UNESCO iliingiza uwindaji wa kutumia vipanga kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Lakini kanuni haijabadilika hata kwa ndege mwenye pasipoti: akishiba, amri zako zimeisha.

Shakespeare aliijua kanuni hiyo, na aliitumia kwa namna inayokera. Katika tamthilia yake ya The Taming of the Shrew, ya miaka ya 1590, mume anayeitwa Petruchio anamnyima mkewe chakula na usingizi, kisha anawaeleza watazamaji mpango wake waziwazi: mke ni kama kozi, asile akashiba mpaka atakapotii. Wakati ule watu walicheka. Leo, ukiondoa mavazi ya zamani, kinachobaki ni hesabu ambayo wengi wanaifahamu vizuri: anayetaka kukutawala hapendi ushibe. Iwe ni bosi anayekupa mshahara wa kukufikisha mwisho wa mwezi tu, au mpenzi anayekupa mapenzi kwa kijiko, mbinu ni ileile ya mfuga kipanga.

Kiswahili nacho kina neno lililokaa papo hapo: kukinai. Aliyekinai ametosheka. Na aliyekinai amechoshwa na kitu mpaka hataki hata kukiona. Neno moja limebeba shibe na karaha kwa pamoja. Wali wa nazi siku ya kwanza ni raha, siku ya kumi na mbili mfululizo umeukinai. Hujachukia nazi, umejaa.

Kwa hiyo aliye "fed up" wa kweli si mtu wa kupiga kelele. Kelele zimeshapita. Ni yule rafiki aliyekuwa anajibu meseji ndefu kwa meseji ndefu, sasa anajibu "sawa". Wengi hushtuka mwishoni wakisema, "Mbona hakusema?" Alishasema sana, alipokuwa bado ana njaa.

Mbuzi na kamba yake

Tether ni kamba ya kumfungia mnyama malishoni. Unachimbia kigingi, unafunga kamba, mbuzi anakula majani kwenye duara. Asubuhi duara ni la kijani na maisha matamu. Jioni amekula kila kitu mpaka pale kamba inapokaza shingo. Majani mengine yapo, anayaona, yako hatua mbili tu kutoka mdomoni. Huko ndiko kuwa "at the end of your tether", kufika mwisho wa kamba. Wamarekani wao wanasema "rope", ila maana haibadiliki.

Msomaji wa Kiswahili ataruka hapo hapo: mbona sisi tunaye mbuzi huyohuyo? Ndiyo, yupo. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Lakini ona jinsi lugha mbili zilivyomtazama mnyama mmoja kwa saa mbili tofauti za siku. Mbuzi wa Kiswahili ni wa asubuhi, bado anakula. Methali yake inazungumzia nafasi aliyonayo mtu, na mitaani imegeuzwa hata kuwa kisingizio: mwenye kamba ndefu serikalini au kazini anakula zaidi, usimshangae. Mbuzi wa Kiingereza ni wa jioni. Kamba ni ileile, majani ndiyo yameisha.

Mtu aliyefika mwisho wa kamba hajaishiwa nguvu, ameishiwa nafasi. Ndiyo maana ushauri wa "pumzika kidogo, utakuwa sawa" haumsaidii. Mbuzi akilala saa nane akiamka, duara ni lilelile na majani ni hayohayo ambayo hayapo. Anayehitaji kazi nyingine, nyumba nyingine, au mtu wa kumshika mtoto saa mbili tu ili aende mjini, huyo hahitaji mapumziko. Anahitaji mtu wa kusogeza kigingi.

Na akikosa, ipo methali nyingine ya kumalizia: kamba hukatikia pabovu. Inapokatika, watu huangalia pale palipokatika. Hakuna anayeuliza imevutwa kwa muda gani. Hapo ndipo unapoingia msemo wa ngamia.

Unyoya ulioanza kabla ya unyasi

"The last straw", unyasi wa mwisho, ni kifupi cha habari ndefu: ngamia alibebeshwa nyasi moja moja, akavumilia, mpaka ulipoongezwa unyasi mmoja mwepesi, mgongo ukavunjika. Waarabu nao wanausema hivyohivyo mpaka leo, unyasi uliovunja mgongo wa ngamia. Charles Dickens aliutumia katika riwaya yake ya Dombey and Son, iliyotoka kwa vipande kati ya 1846 na 1848, na kufikia wakati huo ngamia alikuwa ameshazoeleka kwa Waingereza ambao ngamia mwenyewe wangemwonea wapi London?

Lakini miaka 200 kabla ya Dickens, Waingereza walikuwa na mfano unaofanana, ila mnyama alikuwa farasi, na kilichomvunja kilikuwa unyoya. Mmoja wa waliouandika ni mwanafalsafa Thomas Hobbes, na sababu ya kuutumia inapendeza kweli.

Mwaka 1645 Hobbes alikuwa Paris, amekimbia machafuko ya kwao Uingereza. Kulikuwa na askofu naye aliyekimbia, John Bramhall. Wawili hawa wakabishana mbele ya mwenyeji wao, Marquess wa Newcastle, juu ya swali zito: je, mtu anaamua mambo yake kwa hiari, au kila uamuzi umeshasukumwa na mambo yaliyotangulia? Maandishi ya ubishi huo yalikuja kuchapishwa miaka ya 1650, na ugomvi ukazidi kunoga hadharani.

Hobbes alikuwa upande wa mambo yaliyotangulia. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa hivi. Ukisema uamuzi wa mwisho wa mtu ndio uliosababisha tendo lake, ni kweli, lakini ni kweli kwa namna ileile ambayo unyoya wa mwisho unaweza kusemwa umevunja mgongo wa farasi. Umevunja kwa sababu tayari yalikuwepo manyoya mengi mno, ikabaki nafasi ya mmoja tu. Unyoya peke yake hauvunji kitu. Ungeanza nao asubuhi, farasi asingejua hata kama umemgusa.

Hilo ndilo kosa lililotajwa mwanzo. Watu wanasema "last straw" kana kwamba unyasi ule ndio wenye hatia. Wakati msemo ulikuwa unasema kinyume chake: usiangalie unyasi, angalia mzigo. Waswahili hapa hawana la kujifunza kwa Hobbes, maana haba na haba hujaza kibaba. Ila methali hiyo mara nyingi hutumiwa kwenye akiba ya fedha. Ukiipeleka kwenye maudhi, hesabu ni ileile. Kibaba kinajaa bila mtu kusikia sauti.

Fikiria mke anayeondoka nyumbani kwa sababu mume ameacha tena taulo lililolowa kitandani. Ukoo mzima unakaa kikao: "Yaani taulo tu?" Wajomba wanacheka, shangazi anasikitika. Kila mtu kikaoni anajadili taulo. Hakuna anayeuliza juu ya miaka sita. Na yeye mwenyewe, kwa sababu amezoea kuambiwa kwamba kilichomvunja ni taulo, anaanza kujiona ana kasoro.

Migongo ya Kariakoo

Neno "fed up" lilipata umaarufu mkubwa midomoni mwa askari wa Uingereza, tangu vita vya Makaburu kule Afrika Kusini (1899–1902) hadi Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Askari aliyekaa mitaroni miezi kadhaa alikuwa "fed up", akarudi nalo nyumbani likawa la kila mtu. Vita Kuu hiyo ilipiganwa huku Afrika Mashariki pia, na huku msemo wa mzigo na mgongo haukuwa mfano. Ulikuwa kazi.

Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara zilikuwa chache, magari yalizama kwenye matope. Jeshi la Uingereza likageukia vichwa na mabega ya watu. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa, wengi kwa nguvu, kuwa wapagazi wa jeshi kwenye kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Walibeba unga, risasi, mahema na majeruhi, siku nyingi, kwenye mvua na vichaka. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi mno hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa. Chakula chenyewe mara nyingi kilikuwa unga wa mahindi ambao wengine hawakuuzoea, umesagwa vibaya na kupikwa haraka, na matumbo yakakataa.

Kambi yao jijini Dar es Salaam, baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, ndiyo iliyoacha jina: Carrier Corps kwa matamshi ya wenyeji ikawa Kariakoo. Nairobi ipo Kariokor, jina lilelile. Kila siku mamilioni ya shilingi yanabadilishana mikono Kariakoo, watu wanabeba marobota ya nguo mabegani, na wachache wanajua kwamba eneo lenyewe limeitwa kwa jina la watu waliobebeshwa mizigo.

Sasa rudi kwa Hobbes. Kwenye daftari la kambi, kifo cha mpagazi kingeweza kuandikwa kwa neno moja, kuhara. Huo ndio unyoya wa mwisho. Daftari halikuwa na nafasi ya kuandika mwendo wa wiki tatu, usingizi wa kwenye maji, mzigo usiopungua, na kutoulizwa kama anataka kuja. Wengi hata majina yao hayakuandikwa sawasawa. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawataja wapagazi kwa ujumla wao kwenye maandishi yake, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Askari alikuwa na msemo wa kueleza uchovu wake, ukaingia kwenye kamusi. Mpagazi aliyembebea chakula hicho cha kumfanya awe "fed up", msemo wake haukuandikwa na mtu.

"Sick and tired" na basi la Montgomery

Upo msemo mwingine ambao Waingereza na Wamarekani wanaupenda: "sick and tired", kuchoka mpaka kuugua. Kwa kawaida ni wa kulalamika tu. Mama anamwambia mtoto kwamba ni "sick and tired" wa kuokota soksi. Lakini Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 iliupa uzito mwingine.

Desemba 1, 1955, mjini Montgomery, Alabama, Rosa Parks, mwanamke mweusi wa miaka 42 aliyekuwa fundi wa nguo kwenye duka kubwa, alikataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Akakamatwa. Stori iliyosimuliwa baadaye kwa watoto shuleni ikawa tamu na nyepesi: bibi alikuwa ametoka kazini, miguu inamuuma, amechoka, akakataa kusimama. Taulo lililolowa kitandani, kwa mara nyingine.

Rosa Parks mwenyewe aliikataa stori hiyo katika kitabu chake cha maisha yake. Alieleza kwamba hakuwa mzee, na mwili wake haukuwa umechoka kuliko jioni nyingine yoyote. Kilichokuwa kimechoka ni kule kukubali kila mara.

Na ukihesabu manyoya, utaelewa. Mwaka 1943, miaka 12 kabla, dereva huyohuyo alikuwa amemshusha kwenye basi. Parks alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, na kwa miaka alikuwa akisikiliza na kuandika malalamiko ya watu. Machi 1955, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kusimama kwenye basi mji huohuo, akaburutwa na polisi. Agosti 1955 kijana wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili Mississippi, na waliomuua wakaachiwa na mahakama. Siku chache tu kabla ya Desemba 1, Parks alihudhuria mkutano kanisani uliozungumzia mauaji hayo.

Kwa hiyo siku ile hakikuvunjika kitu kwa ghafla. Mzigo ulikuwa umejaa. Na tofauti ya Montgomery na kikao cha wajomba ni kwamba watu wa mji hawakukaa kujadili kiti. Walijadili mzigo. Walisusia mabasi kwa siku 381, wakatembea kwa miguu na kupeana lifti, mpaka mahakama ilipoamua kwamba ubaguzi kwenye mabasi ni kinyume cha katiba. Na kesi iliyoshinda haikuwa ya Parks. Ilikuwa ya wanawake wengine waliodhalilishwa kwenye mabasi hayo, Colvin akiwa mmoja wao. Manyoya yaliyotangulia ndiyo yaliyokwenda mahakamani.

Miaka tisa baadaye, Fannie Lou Hamer wa Mississippi aliuchukua msemo wenyewe wa "sick and tired" na kuupindua. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto 20, aliyeanza kuchuma pamba akiwa na miaka sita. Mwaka 1962 alikwenda kujiandikisha kupiga kura, akafukuzwa kwenye shamba alilofanya kazi miaka 18. Mwaka 1963 alipigwa rumande mpaka akabaki na maumivu ya maisha. Agosti 1964 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya chama cha Democratic, matangazo yakienda moja kwa moja kwenye televisheni. Rais Johnson akaitisha haraka mkutano wa waandishi ili kamera zimwache Hamer. Haikusaidia, vituo vya televisheni vikaurusha ushahidi wake usiku, watu wengi zaidi wakiwa nyumbani.

Desemba mwaka huohuo, akizungumza Harlem pamoja na Malcolm X, Hamer alisema jambo ambalo kwa Kiswahili lingekuwa hivi: amechoka kuchoka. Ukilisikiliza haraka ni mchezo wa maneno. Ukilirudia, ni hatua. Anayesema "nimechoka" anaeleza hali yake. Anayesema amechoka kuchoka anaigomea hali hiyo. Maneno hayo yameandikwa kwenye kaburi lake, Ruleville, Mississippi.

Hasira yenye watazamaji

Kuna njia nyingine ambayo uchovu unaweza kuishia, na sinema moja iliiona mapema. Mwaka 1976 ilitoka Network, iliyoandikwa na Paddy Chayefsky na kuongozwa na Sidney Lumet. Mtangazaji mzee wa habari, Howard Beale, anaambiwa atafukuzwa kwa sababu watazamaji wamepungua. Anachanganyikiwa hewani. Anawaambia watu wafungue madirisha na kupiga kelele kwamba wana hasira na hawavumilii tena. Na kweli, mtaa mzima unafungua madirisha, mvua inanyesha, watu wanapiga kelele.

Tukio hilo watu wanalikumbuka kama la ukombozi. Wanasahau kinachofuata. Wakubwa wa kituo wanaona namba zinapanda, wanampa Beale kipindi chake na jukwaa. Anakuja hewani kukasirika kwa niaba ya watu, watu wanapiga makofi, matangazo ya biashara yanaingia. Hakuna mzigo hata mmoja ulioshushwa. Hasira imekuwa bidhaa. Na siku namba ziliposhuka, wakubwa haohao wakapanga auawe. Peter Finch, aliyeigiza nafasi hiyo, alifariki kabla ya sherehe za Oscar za 1977 na tuzo ya mwigizaji bora akapewa akiwa kaburini.

Hiyo ni 1976, karibu simu zote zikiwa na waya. Leo kila mtu ana dirisha lake mfukoni. Mtu anapost "I'm fed up", wanakuja 200 kuweka moyo, wanakuja 40 kuandika "pole sana kipenzi", anapata ahueni kidogo, analala. Asubuhi anaamka na mzigo uleule, ila sasa ana watazamaji wanaosubiri kipande cha pili.

Tosha ni tosha

Umebaki msemo mmoja mfupi: "enough is enough". Umo kwenye mkusanyiko wa methali za Kiingereza wa John Heywood wa mwaka 1546, na wakati ule ulikuwa na sura ya amani. Ulisemwa na mtu aliyeridhika: kilichopo kinatosha, hatuhitaji zaidi. Leo ukiusikia ujue kuna mtu amesimama. Uingereza, Agosti 2022, gharama za maisha zilipopanda, vyama vya wafanyakazi na wenzao waliuchukua uwe jina la kampeni yao ya kudai mishahara na nafuu ya bei.

Maneno hayajabadilika hata herufi. Kilichobadilika ni kitu kinachopimwa. Mwanzo kilikuwa chakula mezani, baadaye kikawa mateso. Ni safari ileile ya kukinai, kutoka shibe hadi karaha.

Basi siku nyingine mtu akikwambia amechoka, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, msikilize ni yupi kati ya hawa. Kama ni kipanga aliyeshiba, usitikise nyama, ameshaondoka. Kama ni mbuzi wa jioni, usimwambie alale, sogeza kigingi. Na kama ni ngamia, tafadhali usiokote ule unyasi na kuuinua juu ukiuliza, "Yaani hiki tu?" Anza kuhesabu vilivyokuwa mgongoni kabla yake. Na kama aliyechoka ni wewe, hesabu hiyo ianzie kwako, kabla hujaomba radhi kwa ajili ya taulo.